Msilioshe Gari Kabla ya Kunibeba

Zimeni hizo simu, wanangu, mnisikilize, maana pumzi niliyo nayo leo si ya kurudia maneno. Odongo, kaa hapo kwenye kiti cha baba yako. Oluoch, toka mlangoni, unaniziba mwanga. Na wewe Achola, mjukuu wangu, acha kunikanda huo mguu, umeshakufa ganzi, njoo huku karibu na kichwa. Nasema Kiswahili leo, si Kijaluo chetu, kwa sababu Bwana Surinder amefunga gereji yake kule Muhoroni akaja kuwa shahidi, na sitaki kesho mtu aseme Mama Beldina aliongea bila akili. Akili ninayo. Kilichoniisha ni subira.

Ni wiki tatu sasa tangu madaktari wa Kisumu waniambie nirudi nyumbani nikapumzike, na sote tunajua kupumzika huko maana yake nini. Nilidhani mtakuja kuniuliza habari za ujana wangu, au mniimbie hata wimbo mmoja wa kanisani. Badala yake mmekaa pande mbili za kitanda hiki mkigombania pikapu, mpya au mtumba, mtumba au mpya, tangu chai ya asubuhi mpaka taa ziwashwe. Kosa ni langu, nakubali, kwa kuwa ni mimi niliyesema tafuteni gari la shamba. Nilisema hivyo kwa sababu nyanya za Achola zimeoza msimu wa pili mfululizo kule shamba la chini, mvua ikinyesha siku mbili hakuna bodaboda inayokubali kushuka kuzichukua, na soko la Katito si mbali, ukisimama kwenye kichuguu unaliona. Niliwaomba gari la kubeba nyanya, wanangu. Sikuomba kitu kingine.

Nianze na wewe, Oluoch. Uliniletea ile nyeupe ya kwenye yadi ya kuuzia magari, ukasema ni mtumba lakini usingejua, bei ya kutupa, mwenyewe wa kwanza alikuwa akiendea kazini tu. Mkanibeba na kiti mpaka uani nikaione. Nilinusa kabla sijaona. Nikamwambia Achola ainue zulia la miguuni, apitishe mkono chini ya kiti, na mkono ukatoka na tope jeusi lililokauka, laini, lile lile tunalolijua. Gari lilikuwa limezama! Mtu alilitoa kwenye mafuriko, akaliosha, akalipulizia manukato, akakungoja wewe. Wewe uliyezaliwa asubuhi ya mawingu tukakuita Oluoch, uliyekulia hapa tambarare ambako maji huingia jikoni bila kupiga hodi, unakwenda kununua gari na huulizi lilikuwa wapi wakati wa mafuriko? Uliuliza redio. Uliuliza kama simu yako inaweza kuimba ndani yake. Nilikasirika siku ile hata nikasahau kuwa ninaumwa.

Usicheke, Odongo, zamu yako imefika. Wewe uliniletea karatasi zenye picha, gari jipya la milango minne, halijakanyaga hata vumbi, na ukasema mambo yote yako tayari, benki inachotaka ni hati ya shamba tu. Tu! Hati ya ardhi niliyopalilia tangu nilipoolewa, wewe unaitaja kama mtu anayeomba kiberiti. Nikakuuliza swali moja, litabeba mbolea ya ng'ombe? Ukajikuna shingo, ukasema labda tutandike turubai kwanza, maana mbolea inakula rangi. Basi nikajua. Na juzi, mkidhani nimelala, nilikusikia pale dirishani ukimwambia mtu kwenye simu kwamba lazima gari lifike kabla ya ile siku, ili msafara ukitoka mochari Kisumu sisi tuwe mbele, watu wa Katito waone kuwa mama yetu alizaa watoto. Ile siku ni siku yangu, Odongo. Ulikuwa ukitafuta gari la kunibebea jeneza, na ulitaka kulipata kwa ardhi anayolima Achola, mtoto wa pacha wako.

Usinikatize. Nimesema usinikatize, utasema nikishakwenda.

Mnajua kwa nini gari jipya linanitia uchungu, ila hatujawahi kulisema katika nyumba hii, na leo nalisema. Baba yenu Absalom alipostaafu alinunua pikapu mpya, ya buluu, ile ambayo leo kuku wanatagia ndani yake nyuma ya ghala. Alilipenda gari lile kuliko alivyonipenda mimi, na sisemi utani. Halikubeba mbolea, halikubeba mahindi mabichi, halikubeba hata kuni. Lilibeba wageni, na Jumapili lilikwenda kanisani. Mimi mwenyewe nilishona vitambaa vya viti vyake, vya maua, nikavifua kila mwezi, nikajiona mke wa mtu mkubwa. Halafu ikaja mvua ile ya El Nino, na Apiyo akashikwa na uchungu.

Apiyo binti yangu, Bwana Surinder, alizaliwa pamoja na huyu Odongo, yeye akitangulia, na alipata mimba akiwa bado yuko hapa nyumbani, hajaolewa. Uchungu ulimshika asubuhi, watu wakinywa uji. Odongo akaenda kumwita baba yake, baba yake akaliwasha gari, mpaka hapo hakuna aliyekosea. Kisha mimi nikaona maji yanamtoka mwanangu, nikaangalia vitambaa vyangu vya maua, nikamwambia Apiyo, ngoja kidogo mama, simama hapo nje. Nikarudi ndani kutafuta karatasi ya nailoni ya kutandika kitini. Nilitafuta chini ya kitanda, nikatafuta jikoni, nikapanda juu ya meza kuangalia darini, na mwanangu amesimama uani kwenye mvua ameshika mlango wa gari. Miaka hii yote mmesikia kwamba ni baba yenu aliyechelewesha. Mimi nimewaacha mseme hivyo. Nilimwacha azikwe na lawama yangu.

Naye alichelewesha, sikatai. Tulipofika bondeni aliona matope, akasimama, akashuka, akaanza kuyapima kwa fimbo, akasema tungoje yapungue, gari litakwaruzwa na miiba tukiyazunguka. Tukangoja. Apiyo alikuwa akiuma kitambaa changu cha maua. Ni wewe, Odongo, uliyerudi mbio nyumbani ukaja na mkokoteni wa ng'ombe, ukamwinua dada yako peke yako, ukawavuta wale ng'ombe kwa mikono tope likikufika mapajani. Achola alizaliwa juu ya mkokoteni, na damu ya mama yake haikukatika, na hatukuifikia hospitali. Tulimzika nje ya ua kama desturi inavyotaka kwa binti ambaye hajaolewa, tukampa mtoto jina la matanga, Achola. Gari lilirudi nyumbani safi.

Usilie, Odongo. Najua, labda ndiyo maana umetafuta miaka yote gari lisilokwama. Mimi mama yako nimeliona hilo na bado nakwambia hapana. Gari jipya si baya, na mtumba si mbaya. Ubaya ni gari ambalo mtu anaogopa kulichafua, na gari ambalo mtu haulizi limetoka wapi. Basi.

Achola, niinue kidogo. Hapo. Mto huo ugeuze.

Sasa sikilizeni niliyokwisha kuamua. Madume yangu matatu ya ng'ombe mliyodhani yamepelekwa malishoni kwa shemeji yenu niliyauza. Nimenunua pikapu ya Bwana Surinder, ile ya kijani iliyobonyea ubavuni, na hakuna deni hata senti. Historia yake naijua yote. Miaka tisa imepeleka vipuri na mafundi kwa malori ya miwa yaliyokwama mashambani Muhoroni, mvua na jua. Ule ubavu uligongwa na trela ya miwa, mwenyewe hakunificha. Gia yake ilifunguliwa mwaka jana na ikafungwa na Achola kwa mikono yake, maana huyu alipokuwa akijifunza kazi kule gereji hamkujua wala hamkuuliza, mlidhani yuko sokoni. Achola analijua gari lile ndani na nje. Kitabu cha umiliki wa gari kina jina la Achola, kimesainiwa, kimeisha.

Na shamba la chini ni la Achola. Shamba la juu na hii nyumba ni zenu ninyi wawili, mgawane bila kelele. Oluoch, naona midomo yako inavyotikisika, unataka kusema mtoto wa binti hana fungu katika boma la babu yake. Nani amekaa hapa mafuriko yakija? Nani amenibeba kwenda chooni? Ukitaka kufuata desturi, anza kwa kunijengea ghala uliloniahidi ukiwa bado unanyoa ndevu za kwanza. Hati yenyewe mliitafuta kwenye sanduku langu wiki iliyopita, mkanikunjia nguo vibaya. Ilikuwa ndani ya gari la baba yenu, chini ya kuku anayeatamia. Sasa iko kwa wakili, na maneno haya haya yameandikwa. Hakuna benki itakayoiona.

Nimechoka. Hapana, sijamaliza.

Nikifa... Oluoch, chukua kalamu, wewe huwa unasahau. Nikifa, msiniweke mochari muda mrefu mkingoja watu wa mbali. Msikodi magari. Kabla ya kuja kunichukua, ile pikapu ya kijani ibebe kwanza mbolea ya boma, ijae, ipelekwe shamba la chini. Odongo, wewe ndiye utakayepakia. Achola ataendesha, na wewe utakaa naye mbele. Mkifika pale nje ya ua, kwa Apiyo, asimame, apige honi. Mwambieni gari limefika.

Halafu ndipo mje Kisumu kunichukua, na gari hilo hilo. Msilioshe. Mimi nasema msilioshe, na pasta akiuliza mwambieni ni mimi. Mniweke juu ya hiyo hiyo mbolea iliyobaki, watu wa Katito waone wanachotaka kuona.

Bwana Surinder, asante. Umesikia. Ukiitwa, sema.

Odongo, shika mkono wa Oluoch. Sasa shika wa Achola. Vizuri. Mungu awape mvua ya kiasi, mpande na mvune wenyewe. Watoto wenu wasizaliwe njiani. Mkikwama, mshuke msukume, wote watatu, msisimame mkiangalia. Nimewasamehe kelele za wiki tatu. Absalom... nitamwambia mwenyewe yale ya nailoni. Nyasaye ogwedhu. Mungu awabariki, nyithinda, wanangu.

Maji. Kidogo tu, mdomo umekauka... Taratibu. Ona, nimeyamwaga. Yameingia kwenye godoro.

Achola. Unakwenda wapi? Hapana. Acha. Usiende kutafuta nailoni. Acha godoro lilowe, mama, acha lilowe lote... Rudi ukae hapa. Nishike.