Siku Mzungu Alipoongea Darasani

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wadogo zangu mliokaa kule nyuma mkinong'ona, mambo. Mwenyekiti ameniambia nisiongee sana, nikizidisha atanipungia mkono. Nimemwambia, mwenyekiti, utapunga mpaka mkono uchoke.

Mimi ni mtoto wa Busi, kule Kondoa. Macho yangu yalififia taratibu nikiwa kidato cha pili. Kwanza ubao ukawa na ukungu, halafu ubao wenyewe ukawa haupo. Nikahamishiwa shule yenye nukta nundu, nikajifunza kusoma kwa vidole, nikafaulu, nikapangiwa chuo hapa Dodoma. Chuo sitakitaja, wala watu sitawataja, maana wengine wamo humu humu na nawasikia wanavyocheka.

Kijijini walikuwepo waliosema, kipofu anakwenda chuo kufanya nini? Mama aliwajibu kwa Kirangi, maneno ambayo mbele ya wazee hawa sitayatafsiri.

Mpaka napangiwa chuo nilikuwa natumia kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Kitochi nilikijua kwa kidole gumba, kwamba namba tano ina kipele, kwa hiyo nyingine zote unazitafuta kutokea hapo. Sasa mjomba wangu kwa furaha akaninunulia simu ya tachi. Ndugu zangu, nawaambia, nilipoishika nilitaka kulia. Kioo kitupu, laini kama sahani iliyooshwa. Nibonyeze wapi?

Nilikwenda nayo chuoni hivyo hivyo, imezimwa. Huko nikakutana na dada mmoja wa mwaka wa pili, naye haoni. Akaichukua, akaiwasha, akashikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja, na simu ikaanza kuongea. Akanifundisha kwamba unapapasa kioo kwa kidole kimoja, simu inakutajia kilichopo chini ya kidole, ukikitaka unagonga mara mbili. Nilicheka kama mwehu. Nikampigia mama mimi mwenyewe, bila kushikiwa simu na mtu.

Ila ile sauti ilikuwa ya Kizungu, na Kiswahili ilikisoma kwa ulimi huo huo. Mama akiandika "njoo nyumbani", yenyewe inasema "enjuu naiyambani". Mbuzi inakuwa "embazi". Nilipowasimulia nyumbani wakaipa jina, wakaiita Mzungu. Mama akinipigia ananiuliza, "Mzungu hajambo?" Namjibu, "Hajambo, ila leo kaamka vibaya, jina lako limemshinda." Baada ya muda nikamzoea, nikawa naelewa kila alichokiharibu.

Basi nikadhani nimeshavuka. Na wenzangu wakadhani hivyo hivyo. Wazazi, hapa ndipo nawaomba mnisikilize.

Chuoni kwetu mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, wenzangu wanaupiga picha ubao, wanatupia kwenye grupu la darasa. Ndizo notsi hizo. Jioni nafungua grupu, napitisha kidole, Mzungu ananiambia, "Foto." Nashuka chini. "Foto." Nashuka tena. "Foto." Somo zima liko mkononi mwangu, na mimi naambulia neno moja.

Niliyekuwa naishi naye chumba kimoja alinisomea, Mungu ambariki. Lakini na yeye ana masomo yake. Kuna jioni alinisomea huku anasinzia, akarudia mstari mmoja mara tatu bila kujua, nikaona aibu kumwomba tena. Nikawa naulizwa darasani kama nimeelewa, naitikia nimeelewa.

Matokeo yakatoka. Nilipata sapu karibu kila somo. Kwa wasiojua, sapu ni kurudia mtihani. Ukianguka tena, unadisko, na kudisko kwa chuoni hakuna muziki. Unafungasha virago unarudi kwenu.

Nikampigia mama. Akasema, "Mwanangu, ukichoka rudi. Kulima alizeti hakuulizi mtu macho." Alisema kwa upendo kabisa, na ndiyo maana iliniuma. Nikawaza wale waliosema kipofu anakwenda chuo kufanya nini. Nikaona sasa wataonekana walikuwa na haki. Nilikunja nguo zangu zote nikaziweka kwenye begi, nikabakiza za kuvaa wiki ile.

Walimu walikuwa wamepanga vipindi vichache vya marudio kabla ya sapu. Cha kwanza nikaenda, kwa sababu tu kukaa chumbani na lile begi kulinishinda. Nikakaa mbele, spika masikioni, kidole kwenye grupu, natafuta kama kuna mtu yeyote aliyeandika walau mstari mmoja. Mwenzangu wa pembeni akainuka kupita, mguu wake ukanasa waya, spika zikachomoka. Na mimi, kwa sababu ya kelele za darasani, nilikuwa nimepandisha sauti mpaka mwisho.

Mzungu akalia ukumbi mzima: "Foto. Foto. Foto."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akageuka. "Nani huyo anachezea simu?"

Ningeweza kuzima. Kila siku nilikuwa nazima. Lakini siku ile begi lilikuwa limeshafungwa, nikajiuliza, naogopa nini tena? Nikasimama.

"Ni mimi, mwalimu. Sichezei. Nasoma notsi zako."

"Notsi gani?"

"Hizi tulizotumiwa. Naomba usikilize."

Nikaendelea kushusha kidole. Foto. Foto. Foto. Kicheko kikaanza kupungua. Foto. Foto. Halafu kidole kikaangukia ujumbe pekee uliokuwa umeandikwa kwa maneno, wa kiongozi wetu wa darasa. Mzungu akausoma kwa ulimi wake uliopinda: "Notsi zote hizi hapa, mtu asiseme hajapata."

Hakucheka mtu. Nikasikia mwalimu anaweka kalamu ya ubao mezani.

"Muhula mzima umekuwa ukipata hivi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani mnajua."

Akasema taratibu, "Na mimi nilidhani simu yako inasoma kila kitu."

Ndugu zangu, mimi na mwalimu yule tulikuwa tukikutana kila wiki, kila mmoja na dhana yake. Simu yangu inaongea, ni kweli, lakini haiwezi kukisema kitu ambacho mtu hakukiandika.

Kuanzia siku ile mwalimu akawa ananitumia faili aliloliandika kwenye kompyuta kabla ya kipindi. Kiongozi wa darasa alinifuata nje, akaniomba radhi. Tukawekeana utaratibu kwamba anayetupia picha aandike chini yake kilichomo, au arekodi sauti. Kuna mmoja akaniwekea na ile programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha. Kitabu iliweza. Mwandiko wa mwalimu wangu uliishinda, na wenye macho wakakiri kwamba hata wao walikuwa wanabahatisha!

Msidhani watu walibadilika siku moja. Walisahau, tena sana. Lakini mtu akitupia picha tupu, darasa zima linamjibu, "Foto foto foto!" mpaka aandike. Likawa neno letu. Na walioumwa wakakosa kipindi wakaanza kuniomba mimi notsi, maana zangu ndizo zilikuwa zimeandikwa vizuri.

Sapu nilifanya, nikafaulu zote. Nikafungua begi, nikatundika nguo. Sasa niko mwaka wa mwisho.

Nawashukuru. Dada wa vitufe viwili, mwenzangu wa chumba, kiongozi wa darasa, mwalimu, mjomba. Na wewe uliyenasa waya kwa mguu, najua umekaa karibu na mlango, tangu siku ile sijakushukuru vizuri. Wadogo zangu mnaokwenda chuo, msingoje waya uchomoke. Semeni mapema, semeni kwa sauti. Na ninyi mnaoona, ukinitumia picha, niandikie kilichomo. Hilo tu.

Namaliza. Mama naye siku hizi ana simu ya tachi. Kuandika anaandika kwa kidole kimoja, na Kiswahili chake kina Kirangi ndani. Uso wake niliuona mara ya mwisho nikiwa kidato cha pili. Leo asubuhi, najiandaa kuja hapa, kanitumia ujumbe. Mzungu akasema, "Foto." Nikasema haya, hata mama. Nikashusha kidole. Chini yake alikuwa ameandika: "Huyu ni mimi mama yako. Nimesimama mlangoni, nimejitanda ule mtandio wa kijani. Mvi zimekuwa nyingi. Nacheka."

Mzungu aliharibu kila neno. Nilimwona mama yangu.