Salesio Njuki wa Ngari, Mpiga Picha wa Kiwingu cha Kusini (1924–2011)

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni Virginia, mke wa Njiru, kifungua mimba wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu wake, na nimeikubali kwa sababu zangu.

Baba yetu Salesio Njuki alizaliwa tarehe 14 Machi 1924 huko Manyatta, Embu, mtoto wa tatu wa Mzee Ngari na Mama Karimi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaacha baba yake alipofariki.

Mwaka wa 1943 aliajiriwa katika duka la picha mjini Embu, kwanza kufagia, kisha kusafisha picha. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila ukigusa kamera yake ungeyasikia yote kwa siku moja. Tarehe 7 Agosti 1948 alifunga ndoa na Alice Kathambi wa Kibirichia, Meru, aliyetutangulia mwaka wa 2003. Mama Alice alizoea kulalamika kwamba mumewe anazijua nyota kuliko mbuzi wake.

Hakuwa anatania. Nyuma ya nyumba yao mjini, upande wa kusini juu ya ua wa jirani, kulionekana usiku kiwingu cheupe cha nyota za mbali, kisichosukumwa na upepo wala kuleta mvua. Marehemu alitaka picha yake. Kitu hafifu namna hiyo hakinaswi mara moja. Kamera huachwa wazi muda mrefu, ikisogezwa polepole kufuata nyota. Basi aling'oa bawaba ya mlango wa choo, akaipigilia kwenye mbao mbili, akafunga kamera juu yake. Choo kilikaa bila mlango mwezi mzima, na Mama Alice hakulisahau jambo hilo hadi kufa kwake.

Wakati huo ilikuwa Hali ya Hatari, mkoloni akipigana na Mau Mau. Jua likitua, hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje, na aliyeonekana alipigwa risasi. Lakini giza la kafyu ndilo alilolihitaji. Jioni ya tarehe 20 Januari 1955 alilala kifudifudi kando ya kamera, akizungusha skrubu ya kusogeza zile mbao kidogo kidogo. Mara mlango wa jirani ukafunguka. Mwanamke akatoka na chakula cha mumewe aliyekuwa msituni, akainua kibatari kutafuta mwanya wa ua, akapita. Marehemu alijua mwanga huo umeingia pichani.

Mwanamke huyo alikuwa mama yangu, Kagure, nami nilikuwa mgongoni mwake. Kuwalisha watu wa msituni lilikuwa kosa la kunyongwa.

Mama alikuwa amesharudi na kujifungia ndani homugadi, askari wenyeji wa serikali, walipofika. Bawaba ilikuwa imelazwa kuelekea kaskazini, kwa kuwa huku kwetu ndivyo nyota zinavyofuatwa, na kaskazini ndiko uliko mlima na msitu wake. Mkubwa wao, Bundi, akaamua hicho ni chombo cha kutuma ishara. Marehemu alipigwa usiku kucha. Asubuhi afisa mzungu akaagiza marehemu aisafishe picha dukani mbele ya Bundi. Zikionekana nyota, aende nyumbani kwake. Zisipoonekana, kambini, kizuizini.

Sasa fikirieni wenyewe. Picha ile ingemwokoa, na picha ile ile ingemwua mama yangu. Mama Alice alinieleza nilipoolewa hapa mwaka wa 1975, kama alivyosimuliwa na mumewe. Alisema nyota zilianza kutokea kwenye dawa, moja moja, kisha kiwingu, kizuri kuliko marehemu alivyotarajia. Kisha chini kabisa ukatokea mstari wa kibatari, ukianzia mlangoni kwetu. Bundi alikuwa ameinama, akikodoa macho katika taa nyekundu ya chumba cha giza, bado hajatambua anachokiona.

Marehemu akamwambia, "Leta karabai hapa karibu, uone mwenyewe."

Bundi akaileta. Mwanga wake mkali ukaiunguza, picha yote ikawa nyeusi.

Marehemu alirudi kutoka kambini Mei 1957, bila meno manne ya mbele. Baba yangu mzazi hakurudi kamwe. Mama alikuwa ameishi miaka miwili akisubiri kuja kukamatwa. Siku hiyo alimpelekea marehemu uji, akashindwa kuvumilia, akamwuliza kama ile picha ilitoka.

"Haikutoka, Mama Virginia," akajibu. "Lea mtoto."

Hawakulizungumza tena.

Mwaka wa 1959 alifungua studio yake Runyenjes, akaiendesha hadi 1989. Kiwingu chake alikipata Januari 1961, na wengi wenu mmelazimishwa kukitazama pale sebuleni kabla ya kupewa chai. Alianza kuugua kisukari mwaka wa 2006, macho yakafifia. Alifariki hospitalini Embu tarehe 6 Juni 2011, akiwa na miaka 87, Lydiah akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto watatu: Njiru, Lydiah na Mukiri, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wanne. Ameacha pia jirani yake Kagure, aliyeketi hapa mbele, mwenye umri wa miaka themanini na moja, ambaye hakunyongwa.

Mungu ampe Baba usingizi wa amani.