Hili Linavuta Mbele

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa Kinyozi, pale lami inapoishia na barabara ya udongo mwekundu inapoanza kupanda kilima. Alasiri ile mvua ilikuwa imekatika, na gari la mjomba wangu lilikuwa limeegeshwa mbele ya benchi, limetapakaa tope kuanzia taa za mbele hadi vioo vya milango ya mbele. Ndani yake, kwenye kiti cha mbele, alikuwemo mama mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu na wa mjomba, ambaye tangu apasuliwe nyonga alikuwa akilala sebuleni kwa mjomba huyo. Nyumba yake iko juu ya kilima. Asubuhi tulijaribu kumpandisha, gari likateleza kwenye kona, likashuka lenyewe. Tulipofika kijiweni alikataa kuteremka. "Sishuki mpaka mlangoni kwangu," akasema, akapandisha kioo, na tope lilikuwa zito hata hatukumwona tena. Kaka yao mkubwa alikuwa ameshatoa kauli kwamba gari likishindwa leo, nyumba ya kilimani ifungwe na dada abaki huku chini moja kwa moja. Jioni angepiga simu kuuliza. Yaliyosemwa benchini nayaandika kwa sababu nyumbani kila mtu anayasimulia kivyake, na mimi nilikuwepo.

Mjomba, ambaye kijiwe kilimbandika jina la Tajiri tangu anunue gari, alishika kikombe cha kahawa bila kunywa. Kushoto kwake alikaa Difu, dereva wa malori aliyestaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu kila ugonjwa wa gari kwake ni difu, yale meno ya katikati ya ekseli. Kulia alikaa Waya, fundi redio. Kinyozi, mwenye birika la kahawa, alisimama mlangoni mwake na koti lake jeupe la kazi. Asubuhi wote watatu walikuwa nyuma ya gari wakisukuma.

Difu: Tajiri, usinune. Ulinunua umbo, hukununua gari. Limeinuka, lina matairi mapana, lina gurudumu mgongoni kama mtoto amebebwa. Lakini foo-wili, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, hakuna. Magurudumu mawili yanafanya kazi, mawili ni abiria.

Tajiri: Muuzaji aliniambia linavuta.

Difu: Linavuta nini?

Tajiri: Maneno yake nayakumbuka. "Bwana mkubwa, usiwe na wasiwasi, hili linavuta mbele."

Kinyozi: Kwani kuna gari linalovuta kurudi? Gari zote zinakwenda mbele. Hapo ulipigwa maneno, ndugu yangu.

Waya: Alikuwa analisifia tu. Sawa na mimi nikuuzie redio nikwambie inasikika.

Difu: Tiba ni moja. Tunaligeuza kuwa foo-wili. Unatafuta mwenzake aliyekufa, lakini awe foo-wili. Unamtoa difu ya mbele, unamtoa propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu, unamtoa na gia boksi ndogo ya kugawa nguvu. Unavipandikiza humu.

Tajiri: Vitaingia?

Difu: Vitaingia. Unakata sakafu kidogo. Unahamisha tangi la mafuta. Unachomelea vikamatio vipya. Na ile kompyuta ya gari nayo unaibembeleza ikubali.

Tajiri: Kazi ya muda gani?

Difu: Mafundi wakiwa watu, mvua za mwakani zitakukuta uko tayari.

Tajiri: Simu inapigwa jioni, Difu.

Difu alikunywa kahawa. Mjomba alitazama kile kioo chenye tope.

Waya: Lakini kwanza propela ya nyuma ipo tayari. Niliinama asubuhi nikaiona. Bomba refu, limetoka mbele mpaka nyuma.

Difu: Umeiona kwa macho yako?

Waya: Kama ninavyokuona wewe.

Difu: Mnaona sasa! Mgongo wangu hauniruhusu kuinama siku hizi, lakini nilijua kwa kusikiliza tu. Gari kubwa hivi lazima lisukume kwa nyuma.

Kinyozi: Na ndiyo maana mimi nikasema mifuko ya mchanga ipakiwe kwenye buti. Uzito ukae penye kazi.

Tajiri: Mbona tumepakia na bado limeteleza?

Kinyozi: Mifuko ilikuwa michache.

Tajiri: Buti halifungi, Kinyozi. Nimelifunga kwa kamba.

Kinyozi: Basi tupunguze upepo kwenye matairi. Tairi likilegea linakanyaga kwa upana. Mwenyewe hebu pita pale kwenye tope na viatu vya kisigino, halafu upite peku. Wapi utaanguka?

Difu: Toka lini mimi nikavaa visigino?

Kinyozi: Nakupa mfano, bwana.

Difu: Mfano wako ukitoboka njiani, nani atautia pumzi kule juu?

Waya: Jamani, tuache mambo ya kale. Hapa kinachotakiwa ni umeme. Unachukua mota ya mashine ya kusaga, unaifunga kwenye yale magurudumu mawili ya bure. Injini inafanya kazi huku, mota inafanya kazi kule. Foo-wili hiyo.

Tajiri: Umeme utatoka wapi?

Waya: Kwa Kinyozi hapa.

Kinyozi: Kwangu?

Waya: Tunavuta waya kutoka kwenye soketi ya mashine yako ya kunyolea, unafuatana na gari.

Kinyozi: Mpaka juu ya kilima?

Waya: Waya ninao.

Tajiri: Na umeme ukikatika tukiwa kwenye kona?

Waya: Hapo sasa unatumia injini.

Tajiri: Injini si ndiyo imeshindwa?

Waya: Imeshindwa ikiwa peke yake.

Difu akaona hawezi kushindwa na fundi redio katika habari za magari, akasogea ukingoni mwa benchi.

Difu: Nisikilizeni. Unachukua gari la pili, mwenzake huyu. Unalikata katikati. Nusu ya mbele unaichomelea nyuma ya hili. Injini mbili, sukani mbili, madereva wawili. Mmoja anatazama huku, mmoja anatazama kule.

Kinyozi: Sukani mbili?

Difu: Mbili.

Kinyozi: Sasa nani anakwenda?

Difu: Huyu wa huku anakwenda.

Kinyozi: Na wa kule?

Difu: Wa kule anarudi.

Kinyozi: Si wamo kwenye gari moja!

Difu: Ndiyo maana nguvu zinakuwa mara mbili.

Waya: Na kwenye kona, mmoja akikata kulia?

Difu: Watakuwa wameshaelewana. Wawe watu wa nyumba moja.

Tajiri: Na dada yangu atakaa wapi?

Difu alilipima gari kwa macho.

Difu: Katikati.

Mjomba aliweka kikombe chini.

Tajiri: Nyie mnacheka. Mnaniita Tajiri mkidhani nilinunua gari ili nitambe. Nililinunua kwa ajili yake. Kila tukizima televisheni ananiuliza kama paa lake limevuja. Mimi nitajuaje kama limevuja? Naitikia tu kwamba halijavuja.

Kinyozi: Basi tumbebe. Wanaume wanne, kiti imara, tunapanda taratibu.

Tajiri: Hilo alishalijibu. Alisema atabebwa siku moja tu, na siku hiyo hatakuwa na la kusema.

Pale pale kioo cha mlango wa mbele kikashuka, kikisaga, na tope lililokuwa limeanza kukauka likabanduka vipande vipande. Nadhani walikuwa wamesahau kwamba yumo. Difu alisimama, pamoja na mgongo wake. Mama mkubwa alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, mkoba juu ya mapaja, kama mtu aliye safarini na gari linakwenda vizuri.

Kinyozi: Shikamoo, mama.

— Marahaba. Hilo koti lako umelifua saa ngapi?

Kinyozi: Sijalifua, mama. Ndilo la asubuhi.

— Lile ulilosukumia gari?

Kinyozi: Hilo hilo.

— Mlisukuma wapi, ninyi?

Kinyozi: Nyuma kabisa. Bega kwa bega, hawa ni mashahidi.

— Basi mbona ninyi weupe, na tope lote limenirukia mimi huku mbele?

Kinyozi alitazama koti lake, akaligeuza upande wa mkono, kana kwamba tope lingekuwa limejificha kwapani. Waya alitazama suruali yake. Mjomba alilizunguka gari: mbele lilikuwa jekundu, nyuma hata namba zilisomeka. Waya akapiga magoti kwenye maji, akachungulia chini kwa muda mrefu.

Waya: Difu.

Difu: Naam.

Waya: Ile propela.

Difu: Imefanyaje?

Waya: Mwisho wake inatoka nje. Ina masizi.

Difu: Propela haina masizi.

Waya: Ndiyo nashangaa.

Difu alikaa tena, polepole.

Difu: Hilo ni bomba la moshi, we Waya.

Mjomba alikuwa bado amesimama kwenye taa za mbele.

Tajiri: Linavuta mbele. Alisema linavuta mbele. Linavuta kwa mbele!

Kinyozi: Sasa mbona hakusema hivyo?

Tajiri: Ndivyo alivyosema!

Alikwenda nyuma, akafungua kamba, akaanza kuitoa mifuko ya mchanga mmoja mmoja na kuitupa chini. Hakumtazama Kinyozi.

Difu: Tumewapakia abiria wa nyuma mizigo, wafanyakazi wa mbele tukawanyima.

Kinyozi: Basi mifuko ihamie mbele, juu ya boneti.

Difu: Ianguke kwenye kioo? Na hata ukiifunga, mlimani uzito wote unakimbilia chini. Mbele inabaki nyepesi vile vile.

Waya: Basi mbele iwe upande wa chini.

Difu: Itakuwaje chini na gari linapanda?

Waya alichukua kikombe cha mjomba, mkono wa kikombe ukiwa ndio boneti, akakipandisha kwenye paja lake lililoinama. Mkono ukawa juu. Akakigeuza. Mkono ukawa chini, kikombe kikaendelea kupanda, na kahawa yote ikamwagikia surualini.

Difu: Yaani apande kinyumenyume?

Wakacheka, Kinyozi akajishika mbavu. Mjomba hakucheka. Alikiangalia kile kikombe, akainamia dirisha.

Tajiri: Dada, utakubali kupanda kwa mgongo?

— Wewe nifikishe. Nikishafika nitageuka mwenyewe.

Akapandisha kioo.

Mjomba aliligeuza gari hadi tako lake likaelekea kilimani, akatoa shingo dirishani, akaanza kupanda polepole, sauti ya gia ya kurudi nyuma ikilia kama mtoto anayenung'unika. Sote tulikuwa tumesimama. Ndipo simu ikalia juu ya benchi. Mjomba alikuwa ameisahau. Kwenye kioo cha simu palikuwa pameandikwa Kaka. Kinyozi akaipokea, akaiweka sauti ya wazi.

— Haya, niambieni. Dada anakwenda kwake au anarudi?

Tulitazama juu. Gari lilikuwa limetuelekezea uso, taa zake zikitukodolea, na nyuma ya kioo kikubwa mama mkubwa alikuwa akitutazama, mkoba wake mapajani, akizidi kuwa mdogo.

Kinyozi aliiziba simu kwa kiganja.

Kinyozi: Nimwambie nini?

Difu: Mwambie anakwenda.

Waya: Anarudi, bwana. Hukuisikia gia?

Difu: Anakwenda kwa kurudi.

Kinyozi: Nitamwambiaje mtu mzima maneno hayo?

— Haloo? Mbona hamnijibu? Anakwenda au anarudi?

Gari lilifika kwenye kona. Magurudumu ya mbele yakazunguka bure, yakatupa tope huku kwetu, yakashika, yakateleza, yakashika tena. Uso wa mama mkubwa ukapotea kwanza, kisha taa moja, kisha ya pili, na barabara ikabaki tupu. Tukangoja lishuke. Halikushuka. Kinyozi bado alikuwa ameikumbatia simu kwenye lile koti jeupe, nayo ikiuliza.