Mume wa Mchezo

Ndani ya busi inayopitia mtaa wa Kikula, mbele yangu alikaa msichana mwenye kitenge cheusi cha ujane, majivu usoni. Mama wa pembeni yake, Biblia mapajani, akampa pole ya msiba.

"Hapana, mama, minye siko mujane," msichana akacheka. "Ni mchezo. Tulikutana bachezaji ba Likasi na Lubumbashi. Kila muntu anapewa rôle, muntu wa kuigiza, anaishi nayo siku muzima. Yangu ni mujane: bwana yangu alifunikwa na mawe ku Kakontwe, kule banachimba chokaa."

"Kifo hakichezewe, mutoto yangu."

"Lakini ule bwana alikuja, mama." Sasa hakucheka. "Mweupe na vumbi ya chokaa. Akakaa karibu, akaniita jina ya mchezo. Nikafikiri, huyu anajua kucheza! Nikalia machozi ya kweli. Kisha mchezo ukaisha, benzangu bakavua nguo za mchezo, yeye haonekane. Nikauliza. Banasema hakuna muntu alipewa rôle ya bwana."

Abiria wote tulitazama nje kwa adabu, masikio yakiwa ndani.

"Weye ulimuambia nini?" mama akauliza.

"Arudie ku nyumba."

"Nyumba gani? Ya mchezo ao yako?"

"Sikusema."

Mama akaanza kukemea mapepo kwa sauti. "Wacha, mama!" msichana akamzuia. "Ile ni muntu. Alikuwa tu anasikia baridi."

"Ni pepo!"

"Ni muntu!"

Busi ikasimama Kikula, mahali msichana alipoomba kushushwa. Akainuka, akaiangalia njia ya kwenda nyumbani kwao kana kwamba huenda kuna mtu anamngoja huko, kisha akakaa tena na kumwambia dereva aendelee.