Ukuta wa Diplome

Ndani ya basi la kwenda mtaa wa Ngagara, Maxime, mkubwa mmoja wa ofisini, alipakata kopo la rangi huku akilalamika: ukuta wa sebule yake una mstari wa udongo, kila mwezi anaupaka rangi, nao unarudi.

"Patron, hiyo ni muchwa," akasema Twahiru, seremala aliyekaa pembeni yake. "Inapita ndani ya ule udongo, inatafuta mbao."

"Apana, fundi! Muchwa ni ya kule milimani. Sisi Ngagara ni watu ya biro."

Hilo lilikuwa jipya kwa Twahiru: mchwa wanaomuuliza mtu kazi yake kabla ya kumlia nyumba. "Gonga mulango wako. Ikilia tupu, ndani wamemaliza. Utoe kuni zenye ziliegemea ukuta, uchimbe kiota, uite mutu wa dawa ya muchwa."

"Mulango yangu wanagonga wageni, si mi."

"Haya. Ule mustari unaishia wapi?"

"Sijui. Pale juu nilitundika diplome yangu, wageni wasione uchafu."

"Fremu ya mbao?"

"Mbao ya Kongo, nzuri sana!"

"Uliishusha lini mara ya mwisho?"

"Diplome haishushwi, we..." Maxime akagonga ubavu wa basi lisimame.

Basi liliposimama, alishuka mbio, koti likipepea. Kopo la rangi lilibaki kwenye kiti.