Mwalimu Rogathe Asheri Mrutu na Sentensi ya Filipo

Mwalimu Rogathe Asheri Mrutu alizaliwa tarehe 14 Mei 1938 hapa Vudee, katika milima yetu ya Upare, mtoto wa pili wa Mzee Asheri na Mama Nakijwa. Aliyemtangulia ni dada yake, Dorkas. Walilala kitanda kimoja, wakachota maji kwenye mfongo mmoja, yaani mfereji wa kutoka mlimani, na wa kwanza kumfundisha mdogo wake kusoma alikuwa Dorkas.

Wote wawili walisoma shule ya kati ya misheni. Mwaka 1952 Dorkas akiwa darasa la nane, aliongoza mtihani wa Kiingereza. Mwalimu mkuu, Bwana Filipo, alikuwa na binti wa kaka yake darasa lile lile, na nafasi ya chuo cha ualimu ilikuwa moja tu. Asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, aliinua karatasi ya Dorkas. “Sentensi hizi si za mtoto wa mkulima. Umeiba majibu.”

“Sikuiba, Mwalimu,” alisema Dorkas.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo, na haukupita muda akaozwa. Mwaka 1954 alirudi kujifungulia kwa mama yake, akafa kwa uzazi, akamwacha mtoto mchanga, Lukia, aliyekuja kulelewa na Rogathe. Pale kaburini wanawake walimsihi Rogathe alie ili moyo upoe. Alijibu, “Sitaki upoe.”

Alihitimu ualimu mwaka 1957. Januari 1962, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata Uhuru, aliomba mwenyewe kupelekwa shule ile ile afundishe Kiingereza. Filipo alikuwa amepanda cheo, sasa ni mkaguzi wa shule. Katika somo la kwanza Rogathe aliwaambia watoto kuwa sentensi ya Kiingereza haisimami bila mtenda na kitenzi, akaandika ubaoni: Filipo lied. Yaani, Filipo alisema uongo. Walipoelewa, akaongeza mtendwa: Filipo expelled Dorkas, Filipo alimfukuza Dorkas. Kisha akaigeuza: Dorkas was expelled by Filipo. “Wengi hupenda kusema tu kwamba Dorkas alifukuzwa, wakanyamaza,” aliwaonya. “Kwangu mimi, anayemwacha Filipo nje ya sentensi anapata sifuri.”

Mwaka 1965 Filipo alikuja kukagua, akaketi nyuma ya darasa. Rogathe alimwamkia, “Shikamoo, Bwana Mkaguzi,” kama ilivyompasa, akageuka akaandika sentensi zile zile. Watoto wakazisoma kwa sauti moja.

“Futa,” alisema Filipo.

“Nionyeshe kosa la sarufi, nitafuta.”

Mwezi haukuisha, Rogathe akahamishiwa Jipe, kando ya ziwa, kwenye joto na mbu. Nako hakunyamaza. Siasa ya kujitegemea ilipoingia, na walimu na wanafunzi wakawa wanalima shamba la shule, watoto wa wavuvi waliimba sentensi za Filipo huku wakipiga jembe.

Alikuwa ameolewa mwaka 1963 na Aminieli Mshana, fundi wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge bondeni. Aminieli alimposa kwa Kiingereza cha kubahatisha: “I am marry you.” Rogathe alisahihisha kwanza, ndipo akakubali. Mara nyingi mumewe alimwomba aliache jambo lile. “Mama Lukia, utajichoma mwenyewe.” Naye alijibu, “Basi tuungue wote,” akaendelea kumenya ndizi.

Mwaka 1975 Filipo, akiwa amestaafu, aligombea uenyekiti wa kijiji. Aliposimama kuomba kura, kijana mmoja aliyesomeshwa na Rogathe akauliza, “Mzee, ni kweli kwamba Filipo lied?” Mkutano mzima ukaangua kicheko, hata wasiojua Kiingereza kingine chochote. Hakuchaguliwa. Habari zilipofika Jipe, Rogathe alichinja kuku.

Mwaka 1979 Filipo alipooza upande mmoja, akamwita. Rogathe alipanda mlima.

“Mwanangu,” alisema mzee, “Dorkas alifukuzwa. Naomba yaishe.”

“Alifukuzwa na nani?”

Mzee akageuzia uso ukutani.

“Ulimfukuza mbele ya watu. Utayasema mbele ya watu.”

Jumapili ya Matawi wanawe walimbeba kwa kiti hadi mbele ya usharika. “Mimi, Filipo, nilimfukuza Dorkas binti Asheri. Hakuiba. Nilitaka nafasi yake.” Watu walimgeukia Rogathe, wakingoja ampe mkono. Alichukua mkoba wake akatoka. Na Filipo alipozikwa, hakwenda.

Kisukari kilimwanza mwaka 1981, kikamharibu figo. Mchungaji alimwuliza kitandani kama amemsamehe marehemu Filipo. “Nilimsikia,” alijibu. “Msamaha kamwombeni Dorkas.” Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1984 huko Same, mikononi mwa Lukia. Aliagiza kwamba wasifu huu usiseme alisamehe. Hausemi.

Ameacha mume, Mzee Aminieli, binti yake wa kumlea, Lukia, wanawe Asheri na Gregori, na wajukuu. Mzee Aminieli ameridhia mkewe asizikwe kwa Washana, bali hapa Vudee, ubavuni mwa dada yake.

Bwana awape wote wawili usingizi wa amani.