Theluthi Mbili Hazikutosha

Mwalimu Yotham Ndahani anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kufundisha sheria ya Katiba chuoni kwetu hapa Dodoma kwa miaka ishirini na saba. Wasifu wake niliuandika mapema nikaukabidhi kwa kamati ya maandalizi ya kumuaga. Ijumaa iliyopita ukaharibika wote, na hata sasa ninapouandika upya bado sijakaa sawa.

Wageni wetu wajue kwanza Mwalimu alisifika kwa lipi. Alishikilia kwamba Bunge likishapata theluthi mbili za kura, laweza kubadili kifungu chochote cha Katiba, na mahakama haina ubavu wa kuyagusa marekebisho hayo. Mimi nilipinga. Tumebishana kila chai ya saa nne tangu nilipoajiriwa, chapati zikipoa na wenzetu wakihama meza. Wanafunzi walimwita Theluthi Mbili, naye akaitika. Aliwahi kunisimamisha msibani Ihumwa, nimebeba sufuria la wali, ili amalizie hoja ya asubuhi.

Ndiye aliyeanzisha mahakama ya mazoezi ya wanafunzi wetu, ndani ya stoo ya viti vibovu, na kila mwaka amekuwa jaji wake. Ijumaa alikikalia kiti hicho kwa mara ya mwisho. Kesi ilihusu nchi ya kubuni ambayo Bunge lake, kwa theluthi mbili halali kabisa, lilibadili Katiba na kujiongezea muda bila uchaguzi. Halfani wa mwaka wa tatu alilitetea Bunge kwa hoja za Mwalimu, neno kwa neno. Wote tulishajua nani atashinda. Ndipo Mwalimu akauliza kama kuna kitu Bunge hilo haliwezi kukifuta.

"Hakuna, Mheshimiwa Jaji," Halfani akajibu kwa furaha. "Hata mahakama hii, wakitaka wanaifuta kesho."

Mwalimu alivua miwani. Kisha akatamka kuwa marekebisho yale ni batili, kwa sababu muda ule haukuwa wa wabunge kujigawia, ulikuwa wa waliowachagua. Akakiri kwamba hajawahi kuyasikia maneno yake mwenyewe akiwa upande wa kusikiliza. Halfani alianza kupekua karatasi zake upya. Mimi niliyeisubiri siku hiyo miaka yote nilishindwa hata kupiga makofi.

Halafu nikaikumbuka zawadi. Mungu wangu! Kamati ilishachongesha ubao wa mninga kwa fundi wa Chemba, kwa herufi kubwa: THELUTHI MBILI ZINATOSHA. Nilimfuata Mwalimu kumwomba radhi, nikamwahidi tutayakwangua maneno hayo. Alikataa katakata. Anataka ubao utundikwe juu ya kiti cha jaji kama ulivyo, na chini yake ichongwe tarehe ya Ijumaa ile, ili atakayekaa hapo ajue kwamba jaji anaruhusiwa kubadili mawazo. Mwakani nitakaa hapo mimi.

Asante, Mwalimu. Wewe na mkeo, mama Frida, tunawaombea afya njema na zabibu nyingi shambani kwenu Ihumwa. Ubishi nimeushinda, na chai ya saa nne sina tena wa kuinywa naye.

Evodia, Idara ya Sheria